Mbwa Aliyeachwa na Jirani: Je, Tuna Deni Kwake?

 

Wengi wametuomba tuandike juu ya jambo lililoleta maneno mengi kanisani kwetu. Wengine walicheka walipolisikia, wengine walikasirika. Jambo lenyewe ni mbwa. Tunamwomba msomaji asiiweke karatasi hii kando kabla hajatusikiliza, maana hata sisi mwanzoni tulidhani ni jambo la kupoteza wakati wa ibada.

Mwishoni mwa mwaka 2024, kabla safari za Marekani hazijasimamishwa Januari 2025, familia moja ya kanisa letu ilipata safari. Mnajua safari zinavyokuwa. Usiku wa mwisho tuliomba na kuimba mpaka karibu na alfajiri, na vitu vikagawanywa: sufuria kwa huyu, jembe na jerikani kwa yule, godoro kwa mama aliyejifungua, mlango wa mbao na mabati manne kwa kijana aliyekuwa anajenga. Hata kishamba cha muhogo kilipata wa kukilima. Saa kumi na moja alfajiri basi likaja, tukalia, likaondoka. Nyuma ya nyumba alibaki mbwa jike wa rangi ya kahawia, amefungwa kwa waya shingoni.

Huyo hakugawiwa mtu.

Jina lake ni Watasema. Waliotoka kwetu wanaijua desturi hii: mtu akishindwa kumjibu jirani uso kwa uso, anampa mbwa wake jina, na kila jioni anapomwita mbwa, jirani anapata jibu lake. Tumewahi kuwa na mbwa walioitwa Mungu Anajua, Wivu, Tutaonana na Umeona Nini, na wote walikuwa wanabweka tu bila kujua walitumwa kusema nini. Familia ile ilikuwa na ugomvi na jirani juu ya mpaka wa kiwanja, hatua mbili za udongo. Basi kwa miaka minne jirani huyo alisikia kila siku jua likizama: Watasema! Watasema! Njoo ule!

Baada ya basi kuondoka, mbwa alikaa siku kadhaa akiuvuta ule waya mpaka ukakatika kwenye mti, lakini kitanzi kilibaki kimezama shingoni. Hakwenda mbali. Alilala kwenye kizingiti ambacho mlango wake ulikuwa umeshachukuliwa. Njaa ilipomzidi akaingia kwa yule jirani, akala mayai yaliyokuwa yanaatamiwa na kuku. Jirani alikuwa ameinjika maji ya bugali. Aliyatupa yote mgongoni mwa mbwa.

Tunaandika hivi kwa sababu yeye mwenyewe, ndugu yetu katika imani, alilisema mbele ya wazee wa kanisa, na hakutafuta kujipamba. Alisema: "Sikuona mbwa. Niliona wale."

Tuliposikia neno hilo tulinyamaza. Tutalirudia baadaye.

Mbwa alikimbilia kanisani, akajificha nyuma ya mabenchi, mahali tunapoweka ngoma. Watoto wa Shule ya Jumapili walimkuta kwa harufu. Vijana wakaja na fimbo, na ni haki kusema kwamba hawakuja kwa ubaya. Waliogopa kichaa cha mbwa, na walitaka kuwahi kabla hajamng'ata mtoto. Ndipo mama mmoja mjane, ambaye huwa hasemi kitu kanisani ila kuitikia Amina, alisimama wakati wa matangazo akasema: "Wapendwa, sufuria zao mlizipokea. Mlango wao mliupokea. Mbwa wao nani alimpokea?"

Mzee mmoja wa kanisa akamjibu. Tunaweka jibu lake hapa kwa sababu ni jibu la watu wengi, na si la mtu mwenye roho mbaya. Alisema: "Mama, tuna watoto wanaolala bila kula. Tuna wagonjwa. Mgao umepungua, na unaweza kukatwa kabisa. Mkimbizi atamlisha mbwa na nini? Hiyo ni kazi ya wazungu wenye nyama dukani ya mbwa." Watu wakacheka, na mjane akaketi. Lakini swali lilibaki limesimama.

Kwanza tuseme wazi kwamba mzee yule hakukosea juu ya chakula. Mwaka 2025 wengi wetu katika makazi ya Uganda tulikatwa mgao, na kijiko cha unga kikienda kwa mbwa, hakiko tena kwenye sufuria. Wahubiri wengine hupenda kusema kwamba upendo haupungui ukigawanywa. Upendo labda. Unga unapungua. Mtu anayemnyima mtoto wake ili ashibishe mbwa hatumwiti mwenye huruma, na hakuna mahali katika Maandiko panapotuambia kwamba mbwa na mtoto ni sawa. Bwana wetu alisema sisi ni bora kuliko shomoro wengi. Lakini katika mafundisho hayo hayo alisema kwamba hata shomoro mmoja hasahauliwi mbele za Mungu.

Tukubali pia kwamba Biblia haimsifu mbwa. Tulitafuta, na kila tulipomkuta alikuwa na sifa mbaya. Goliathi alijiona ametukanwa alipojiwa kwa fimbo kama mbwa. Mefiboshethi alipotaka kujidharau mbele ya Daudi alijiita mbwa mfu. Paulo anawaonya Wafilipi juu ya mbwa, akimaanisha watu. Katika miji ya zamani mbwa wengi walikuwa wazururaji wa majalalani, kama hawa wa kwetu sokoni. Asitokee mhubiri akatuambia kwamba mbwa ni mnyama mtakatifu.

Hata hivyo, tulipokaa na mzee yule yule kusoma, yeye mwenyewe ndiye aliyefungua Kutoka sura ya 23, mistari ya 4 na 5. Hapo torati inasema juu ya ng'ombe au punda wa adui aliyepotea: lazima umrudishe. Na ukimkuta punda wa mtu anayekuchukia ameanguka chini ya mzigo, usimwache hapo, msaidie. Tulikuwa tumeisoma mara nyingi kama somo la kusameheana na adui, na ni kweli ni somo hilo. Lakini mzee alisema polepole, kama mtu anayejisomea mwenyewe: "Punda hajui kama wao ni maadui."

Hapo ndipo tulipolikumbuka lile neno, "Sikuona mbwa, niliona wale." Sheria hii iliandikwa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo. Anayemchukia jirani yake anashindwa kumwona punda. Anaona mali ya fulani, jina la fulani, kicheko cha fulani. Mzigo wa ugomvi umewekwa juu ya mgongo ambao haukugombana na mtu. Watasema hakuchagua jina lake. Hakujua mpaka wa kiwanja uko wapi. Alimwagiwa maji ya moto kwa sababu ya neno alilopewa na watu wengine.

Wapendwa, nani kati yetu hajui habari hiyo? Tuliondoka makwetu, wengine Kivu, wengine Ituri, wengine Burundi, na wengi wetu hatukufukuzwa kwa jambo tulilotenda. Tulifukuzwa kwa jina. Mtu alisimama kizuizini akauliza jina la baba yako na lugha ya mama yako, na jibu likatosha. Alikutazama usoni na hakukuona wewe. Aliona wale.

Hatusemi kwamba maumivu ya mbwa ni sawa na ya watu waliouawa. Hilo lingekuwa tusi kwa wafu wetu. Tunasema kitu kidogo zaidi, lakini kigumu: kwamba mkono unaofanya hivyo ni ule ule, na mazoezi yake huanzia mahali padogo, kwa mwenye kimya, kwa asiye na wa kumlilia. Mtoto anayepewa jiwe ampige mbwa aliyeungua, na wakubwa wakacheka, anajifunza kwamba kuna viumbe ambao uchungu wao si kitu. Nani atamfundisha mpaka uishie wapi? Sisi hatungependa watoto wetu wafike na elimu hiyo kwenye kizuizi cha barabarani, upande wa walioshika bunduki.

Wapo watakaosema: basi mnamhurumia mbwa kwa faida ya watu. Kwa sehemu ni kweli, na hatuoni aibu. Lakini si hilo tu. Kitabu cha Yona kinamalizika kwa swali ambalo Mungu anamwuliza nabii aliyekasirika: je, asiuhurumie mji ule mkubwa, wenye watu zaidi ya mia na ishirini elfu, na tena wanyama wengi? Wanyama wale hawakufanya dhambi, hawakuwa na faida yoyote katika mabishano ya Yona. Mungu aliwahesabu tu. Walikuwa hai, na maangamizi ya mji yangewafikia. Mithali 12:10 nayo inaweka alama ya mtu mwenye haki mahali ambapo hatukutazamia: anajali uhai wa mnyama wake. Haikusema mnyama mwenye faida.

Jirani yetu mmoja Msomali, ambaye hamgusi mbwa kwa sababu ya dini yake, alisikia maneno haya sokoni. Akatuambia kwamba hata katika mafundisho yao iko habari ya mtu aliyemkuta mbwa akiramba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Tulishangaa kidogo. Mtu asiyeweza kumgusa mbwa alijua vizuri kuliko sisi kwamba kutomgusa ni jambo moja na kumtesa ni jambo lingine.

Sasa turudi kwa Watasema, maana maneno hayafuti kidonda.

Mjane alimchukua kwake jioni ya Jumapili ile ile, akimvuta kwa kitenge cha zamani. Daktari wa mifugo alipofika zoni yetu kuangalia mbuzi, tulimwomba amtazame. Alimfunga mdomo kwa kitambaa, akaukata ule waya kwa koleo, akausafisha mgongo kwa maji safi ya chumvi. Akatukataza jambo ambalo wengi wetu tumelifanya kwa miaka bila kujua ubaya wake, yaani kumpaka mbwa oili chafu ya gari, iwe kwa kidonda au kwa ukurutu. Oili ile ni sumu. Inapita kwenye ngozi, na mbwa huilamba. Ukurutu una dawa yake, na kidonda kinataka usafi. Alimchanja pia dhidi ya kichaa cha mbwa.

Juu ya ugonjwa huo tuliuliza sana, kwa ajili ya wale vijana wa fimbo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, karibu wote katika Afrika na Asia, na kwamba katika kila watu kumi wanaong'atwa na mnyama anayeshukiwa, wanne ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishatokea, karibu kila mgonjwa hufa. Kwa hiyo hofu ya vijana haikuwa ya kipuuzi. Mtoto akiumwa, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akimbizwe kliniki kwa sindano siku hiyo hiyo. Asipelekwe kwanza kwa mganga, wala asisubiri kuona kama mbwa atakufa. Lakini shirika hilo hilo linasema kuua mbwa kwa wingi hakujamaliza ugonjwa popote. Ukiwaua hawa, wengine wasiochanjwa wanakuja kuchukua jalala lao. Kinachoukata ugonjwa ni kuchanja mbwa wapatao 70 kwa kila 100 wa mahali. Kwa maneno mengine, mbwa anayejulikana, mwenye mtu wa kumshika shingo siku ya chanjo, ndiye ulinzi wa mtoto. Asiye na mtu ndiye hatari.

Je, ni dhambi kumwua mbwa? Hatuthubutu kusema hivyo. Mwenye kichaa lazima auawe, na aliyevunjika kiasi cha kutopona ni huruma kummaliza upesi, kwa mkono wa anayejua. Wazee wetu walilijua hilo. Kilichokuwa kinataka kufanyika nyuma ya ngoma zetu kilikuwa kitu kingine: vijana kumi na wawili, fimbo kumi na mbili, na watoto wakitazama.

Hapa hapa Uganda, kule Gulu, iko kazi ambayo tungependa wengi waijue. Watu wa kaskazini waliishi miaka mingi ya vita vya LRA, wakijazana kambini ndani ya nchi yao wenyewe. Shirika liitwalo The BIG Fix Uganda lina mradi wa Comfort Dog Project: mbwa waliotelekezwa au kuteswa wanatibiwa, wanafungwa uzazi, wanafunzwa, na kukabidhiwa kwa watu walioumizwa rohoni na vita, nao watu hao wanaahidi kumtunza mbwa huyo maisha yake yote. Mwanzilishi wa mradi, Francis Okello Oloya, alipofuka macho utotoni kwa mlipuko wa bomu lililoachwa ardhini. Amewahi kueleza kwamba alipokuwa shule ya bweni, kwenda chooni usiku kulikuwa kugumu kwake, na mbwa wa pale ndio waliokuwa wakimsindikiza. Tunalisoma jambo hilo na kufikiri: wenzetu wale hawakusubiri kushiba ndipo wawe na huruma. Waliopigwa waliwachukua waliopigwa.

Mjane wetu hana mradi wala hajui kusoma. Tulimwuliza mbwa anakula nini, maana ndilo lililokuwa swali la mzee. Akatuonyesha: ukoko wa sufuria, vichwa vya dagaa, maji aliyochemshia ndizi, panya ambao mbwa mwenyewe anawakamata, na siku ya soko, mifupa anayoiomba kwa mchinjaji. Unga wa mjukuu haupunguzwi hata kijiko. Yule mama Mkananayo hakuomba mkate wa watoto. Aliomba makombo, na Bwana akaisifu imani yake. Tumelihubiri neno hilo mara nyingi kama mfano tu. Hatukuwa tumefikiri kwamba mbwa wa chini ya meza, katika habari ile, walikuwa wanakula kweli.

Jina alilibadilisha kidogo. Anamwita Wata. Anasema mbwa alishazoea mwanzo wa jina, na mwisho wake ulikuwa na shida.

Iko sehemu nyingine ya jambo hili ambayo inatugusa sisi wenyewe zaidi, nayo ni uzazi. Kijana mmoja wa kwaya yetu alianza biashara ya kuzalisha mbwa na kuwauza kwa walinzi wa maduka mjini. Jike mmoja hubeba mimba siku zipatazo 63, huzaa watoto watano au sita, na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Kijana alikuwa na majike matatu katika kibanda kimoja, akiwazalisha bila kuwapumzisha mpaka mbavu zikahesabika. Watoto aliwaondoa kwa mama wakiwa na wiki nne, ilhali wanahitaji wiki nane. Aliwakata masikio kwa wembe na kuwalisha pilipili, akiamini wanakuwa wakali. Wasionunuliwa walitiwa katika gunia wakatupwa bondeni kwenye matete. Tulipomkaripia alitujibu: "Mnanitafutia kazi gani nyingine?" Na hatukuwa na kazi ya kumpa.

Hatukulipata jibu la haraka kwa kijana huyo, na hatudai kwamba tumelipata sasa. Umaskini unaeleza mambo mengi. Lakini sisi wote hapa ni maskini, na si wote wenye magunia bondeni. Tulimwambia jambo moja tu analoweza kulifanya bila fedha: kuwatenga majike na dume wakati wa joto lao, azalishe kwa nadra, na asizalishe watoto ambao hawajaombwa na mtu. Amebaki na jike mmoja. Masikio hakati tena, kwa sababu, anasema, wanunuzi wa mjini wameanza kuyakataa. Si toba, lakini masikio yamepona.

Na kuhusu familia iliyosafiri, tusiwahukumu. Mwaka uliofuata mama wa nyumba ile alipiga simu, akauliza habari za kila mtu mmoja mmoja, kisha akanyamaza, kisha akauliza: "Na yule?" Akaeleza kwamba wanyama hawamo katika orodha ya safari, na aliona aibu kumwomba mtu mwenye njaa amlishie mbwa. Asubuhi ile alimfunga kwa waya ili asilifuate basi mpaka barabara kuu akakanyagwa. Alidhani atakayeanza kuichukua nyumba atamfungua. Tulimweleza yaliyotokea, ila habari ya maji ya moto tulimficha. Hatujui kama tulifanya vizuri kumficha.

Kwa hiyo, je, tuna deni? Tulibishana katika kamati jioni tatu. Wengine walisema deni ni kwa mwanadamu tu, kwa maana mbwa hawezi kudai. Tukajibiwa na mama mmoja wa kamati kwamba mtoto mchanga naye hadai. Wengine walisema aliyemfuga ndiye mwenye deni, na akiondoka, deni limeondoka naye. Lakini sisi tuliposhika sufuria na mabati tulikuwa tumeingia katika nafasi yake. Huwezi kurithi mlango ukakataa aliyelala mlangoni. Mwisho wengi wetu tuliona hivi: hatuna deni la kumfuga kila mbwa wa makazi haya, maana hatuwezi. Deni tulilo nalo kwa kila mmoja wao ni kutomwongezea mzigo, na kwa yule aliyeanguka miguuni petu, kumtua. Mzee wetu aliyeanzisha ubishi alikubali nusu ya kwanza. Nusu ya pili anasema bado anaiombea.

Yule ndugu aliyemwaga maji hajawa rafiki wa mbwa. Alituambia: "Mimi sipendi mbwa, na Biblia hainiamuru niwapende." Tuliangalia tena Kutoka 23 na kukuta kwamba amesema kweli. Torati haimwagizi mtu ampende punda wa adui yake, wala hata adui mwenyewe katika mstari ule. Inamwagiza atie mkono chini ya mzigo. Mwezi wa pili baada ya mambo haya mjane alipougua malaria akalazwa kliniki, siku nne ndugu huyo alipeleka maji na ukoko kwa Wata, akiviweka mbali kidogo na kurudi nyuma, maana mbwa bado anamkumbuka na anatetemeka akimwona. Hakumwambia mtu. Tulijua kwa sababu mtoto wake alisema.

Wale wanaotazamia safari za nchi nyingine, au kuhamia makazi mengine, au kurudi nyumbani, tunawaomba mkabidhi mbwa wenu wiki mbili kabla ya kuondoka, si asubuhi ya basi. Mpeni mtu aliyekubali kwa kinywa chake mbele ya mashahidi, kama mnavyofanya kwa shamba. Mpokeaji amlishe kwa mkono wake mwenyewe tangu siku ya kwanza, amfunge kwa kamba ya kitambaa na si waya, na amwache alale karibu na mlango wake mpaka azoee. Cheti cha chanjo kama kipo kifuatane na mbwa.

Wata amezaa watoto wanne mwezi uliopita, kabla hatujaweza kumfikisha kwa daktari kumfunga uzazi. Hilo ni kosa letu, tulichelewa. Wawili wamekwisha kuombwa, mmoja na mlinzi wa shule, mwingine na familia ya zoni ya juu. Waliobaki ni dume mwenye doa jeupe kifuani na jike mdogo anayechechemea. Hawatatolewa kabla ya kufikisha wiki nane. Anayemtaka mmoja aje baada ya ibada ya Jumatano, aje na watoto wa nyumba yake ili mjane awaone, na asiwe ameshachagua jina.